Meno Kwanza, Skrubu Baadaye

Anayeingia maabara hii akitafuta skrubu za titaniamu atazikosa. Zipo, lakini zimefungiwa kabatini ndani ya vichupa vyake vilivyotakaswa, na hakuna atakayezigusa kwa wiki kadhaa. Mezani kuna taa ya spiriti, kisu cha nta, bamba la kioo, penseli, rula ya chuma na vipande vya nta ya waridi vilivyopangwa juu ya karatasi. Fundi sanifu meno anapitisha kipande kimoja juu ya mwali, anakigeuza, anakipitisha tena, mpaka kinalegea bila kuchuruzika. Anakikunja, anakikunja tena, kisha anakibandika juu ya sahani nyembamba iliyofinyangwa kufuata taya la mtu mmoja: mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kutoka Mpanda, ambaye hana jino hata moja kinywani.

Ukisikiliza watu wakizungumzia vipandikizi vya meno utadhani kazi yote ni kutoboa mfupa na kufunga skrubu. Kutoboa kupo, na nitafika huko, ila ni sehemu fupi. Sehemu ndefu ni hii ya nta. Mtu aliyebakiwa na meno matatu manne humwachia daktari alama za kufuata: urefu wa jino, mstari wa katikati ya uso, namna meno ya juu yanavyokutana na ya chini. Asiye na jino lolote hana alama hizo. Uso umeshuka, kidevu kimepanda kuifuata pua, midomo imeingia ndani. Kwa hiyo meno hubuniwa kwanza, yakae kinywani, yajaribiwe kwa kusema na kwa kucheka. Baada ya hapo ndipo mfupa unaulizwa ni wapi unaweza kuyabeba, na kwa vipandikizi vingapi.

Mwalimu alikuja na meno ya bandia aliyotengenezewa miaka iliyopita. Ya juu ameyavaa. Ya chini yamo kwenye leso ndani ya mkoba. Huyavaa akienda kanisani au akipigwa picha, na akikaa mezani huyavua. Si uvivu wake. Sahani ya juu hufunika kaakaa lote, mate yanaifunga, hewa inaibana, na inakaa. Ya chini ni utepe mwembamba uliopinda kuuzunguka ulimi, na ulimi hautulii. Isitoshe, mfupa unaoshika meno huanza kuisha mara meno yanapotoka, na wa chini huisha haraka zaidi. Antje Tallgren, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1972 baada ya kufuatilia vinywa vya watu waliovaa meno ya bandia kwa miaka 25, alionyesha kwamba taya la chini hupoteza kimo karibu mara nne kuliko la juu. Daktari anapopitisha kidole kwenye ufizi wa chini wa Mwalimu, anakuta ukingo mwembamba mbele, na nyuma karibu tambarare. Ile sahani ya zamani haina pa kushika.

Daktari hana haraka na kidole hicho. Anabonyeza kila sehemu akimtazama mgonjwa usoni, si kinywani, maana uso ndio unaosema panapouma. Anavuta mdomo kuona misuli inashikia wapi. Anamwambia Mwalimu atoe ulimi, auinue, aupeleke kushoto na kulia. Kisha anachukua yale meno ya zamani na kuyasoma: yamelika upande gani, yamepasuka wapi, yaliwahi kugundishwa na nani. Upande wa kulia yamesagika kuliko kushoto, na hilo linaandikwa. Yanafuata maswali ya kisukari, shinikizo la damu, sigara na dawa za mifupa, kwa kuwa kila moja kati ya hayo linaweza kuubadilisha mpango wote.

Ukurasa wa kwanza wa faili una mambo ambayo mgeni angeyaona hayahusiani na meno. Mwalimu anaishi na nani? Mikono yake ina nguvu, au vidole vimekazika? Anaweza kurudi mara ngapi? Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, uko kwenye kona ya magharibi ya nchi, na kutoka Mpanda hadi hapa Dar es Salaam ni kuivuka Tanzania yote. Ipo treni inayopita Kaliua kwenda Tabora, juu ya tawi la reli la kilomita 210 ambalo mkoloni alilijenga kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Siku hizi ipo pia lami ya kupitia Sikonge. Hata hivyo njia ni ndefu, na mtu wa zaidi ya miaka sabini hafungi safari kila nati inapolegea. Daktari anaandika “Mpanda” na kuupigia mstari. Mstari huo utaamua mengi kuliko nilivyodhani.

Kazi ya mikono inaanza na chapa. Chapa ya kwanza huchukuliwa kwa unga unaokorogwa na maji ukawa rojo, rojo likaganda kinywani kwa dakika chache. Inamiminiwa plasta, na modeli inayopatikana haitoshi kutengenezea chochote isipokuwa trei: trei maalumu ya akriliki, ya kinywa hiki kimoja, ambayo kingo zake zinaishia milimita mbili hivi kabla ya mwisho wa ufizi. Hapo ndipo penye uzuri. Daktari anachukua kijiti cha kampaundi ya kijani, anakiyeyusha kwenye mwali, anakipaka ukingoni mwa trei kipande kwa kipande, anakichovya kwenye maji ya vuguvugu kisimuunguze mgonjwa, na kukiingiza kinywani. “Mwalimu, vuta mdomo. Sema uu. Sasa ii. Meza mate.” Misuli yenyewe inachonga ukingo. Anatoa, anatazama, anapunguza kwa kisu palipozidi, anapasha moto tena. Sehemu ya mbele chini, mahali uzi wa nyama unapounganisha ulimi na taya, aliirudia mara nne, na mara ya nne hakusema neno. Aliinua tu trei kwenye mwanga ili msaidizi wake aone mkunjo ulivyojichora.

Chapa ya pili inachukuliwa kwa dawa yenye rangi ya udongo, inayochanganywa kutoka kwenye mirija miwili juu ya karatasi, kwa kisu kipana, mpaka mistari ya rangi mbili iwe rangi moja. Chumba kinanuka karafuu. Si manukato: dawa hiyo ni oksidi ya zinki na yujenoli, na yujenoli ndiyo kiini cha mafuta ya karafuu, yale yale yanayokamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye makonyo pale Wawi, Pemba. Mwalimu alipoonja alisema, “Hii naijua, mama alikuwa anatutia kwenye jino bovu.” Ndiyo hiyo hiyo, isipokuwa leo imekuja kunakili kila mkunjo wa ufizi ambao jino limeshatoka.

Sasa tuirudie nta. Nta ya meno kwa kawaida ni mchanganyiko wa parafini na nta ya nyuki, na Mwalimu ametoka nchi ya nyuki. Miombo ya Inyonga na Mlele inatoa asali inayouzwa mpaka Dar es Salaam, na nta yake husafiri mbali kuliko asali. Fundi anaijua nta kwa vidole. Ikiwa baridi mno hupasuka, ikiwa moto mno hupoteza umbo ikipoa. Anajenga kuta mbili, ya juu na ya chini, mahali meno yatakapokaa, kisha daktari anaziingiza kinywani na kuanza kukata.

Ukuta wa juu hukatwa kwanza. Mdomo ukitulia, nta ichungulie chini yake kidogo. Kwa mtu wa umri wa Mwalimu milimita moja inatosha, pengine hata hiyo ni nyingi. Bamba bapa linawekwa chini ya nta na kutazamwa kwa mbele, lilingane na mstari wa mboni za macho, kisha kwa ubavu, lilingane na mstari unaotoka bawa la pua hadi tundu la sikio. Daktari anarudi nyuma hatua mbili. Anarudi tena. Anakata unene wa ukucha upande wa kushoto, anapima upya.

Kinachofuata ni kimo cha uso. Anatia nukta moja ya kalamu puani na nyingine kidevuni. Anamwomba Mwalimu ameze mate, alegeze taya, asifikirie kitu. Umbali kati ya nukta hizo mtu anapotulia unazidi kwa milimita mbili hadi nne umbali wa anapouma. Mwanya huo mdogo ndio misuli inapopumzikia. Ukiufuta, taya litachoka mchana kutwa na meno yatagongana kila neno. Ukiuzidisha, uso utabaki umeporomoka na mashavu yatakunjamana. Kipimo hiki hakina mashine ya kukimaliza. Daktari anapima, anazungumza naye habari za wajukuu, anapima tena bila kumwonya.

“Mwalimu, hesabu kuanzia sitini, taratibu.”

“Sitini. Sitini na moja. Sitini na mbili.”

Daktari hamtazami machoni, anatazama kingo za nta. Herufi S hutaka ya juu na ya chini zikaribiane kabisa bila kugusana. Kwenye sitini na sita nta ziligusana, nami nilisikia: tik, sauti ndogo mno. Akazitoa, akapunguza ya chini, akazirudisha. “Sitini na sita,” Mwalimu akasema, safari hii bila tik. Akaongeza mwenyewe kwamba yale meno ya zamani yalikuwa yakipiga mluzi kwenye S, na wajukuu walikuwa wakimuigiza. Daktari akaliandika hilo pia.

Nta zote mbili zinaunganishwa zikiwa kinywani, zinatolewa pamoja na kufungwa kwenye atikuleta, chombo cha chuma chenye bawaba kinachoiga taya linavyofunguka na kuteleza. Kuanzia hapa kazi ni ya fundi. Anachagua meno ya akriliki kutoka kwenye bamba la vielelezo: rangi, upana, umbo. Anaanza na mawili ya mbele juu. Anayeyusha nta palipo na mstari wa katikati, anatumbukiza jino, analishika kwa vidole viwili mpaka nta ianze kuzizima, analirekebisha katika sekunde hizo chache, analiacha. La pembeni yake analinyanyua nusu milimita. Chonge analiinamisha kidogo, shingo yake nje. Akimaliza meno sita ya mbele anageuza chombo na kuyatazama kutokea chini, kutokea juu, kutokea nyuma, kule ulimi utakapoyaona.

Kisha akamuuliza Mwalimu kama ana picha ya ujanani. Ilikuwemo kwenye simu, imepigwa kutoka kwenye picha ya harusi iliyofifia. Mwanya kati ya meno mawili ya mbele ulionekana wazi. Meno ya bandia ya kwanza yalikuja yamebanana, yamepangika, na dada yake akamwambia anatabasamu kwa mdomo wa mtu mwingine. Fundi akayapasha moto yale mawili ya mbele, akayatenganisha kwa kiasi cha milimita moja na nusu, akasugua kwa pamba yenye spiriti mpaka ufizi wa nta katikati yake ukawa laini. Mwanya wa kutengeneza una ugumu wake. Ukiwa mdogo chakula hunasa, ukiwa mkubwa S inavuja hewa. Akauacha mahali ulimi unapoweza kuupita bila kukwama, akaandika kwenye lebo: “Ajaribu kusema.”

Meno ya nyuma yana kanuni ngumu zaidi. Sahani isiyo na mizizi hupinduka ikibonyezwa upande mmoja tu, kwa hiyo fundi anapanga magego yaguse kulia na kushoto kwa wakati mmoja, hata taya likiteleza pembeni. Anaweka karatasi ya rangi katikati, anagonganisha, anasoma madoa. Doa zito kulia. Anasogeza. Doa sasa liko kushoto. Anasogeza tena, kwa kiasi nisichoweza kukiona. Niliwahi kuona mafundi wakipita hatua hii kwa dakika kumi, na sahani zao hukaa vizuri mezani kwenye plasta. Huyu alikula saa nzima, taa ya spiriti ikizimwa na kuwashwa.

Siku ya kujaribu, meno yako kwenye nta, yanaweza kuhamishwa bado. Mwalimu anapewa kioo baada ya kuongea, si kabla. Daktari anataka kwanza aone mdomo usiojitazama. “Fedha. Fimbo. Vifaranga.” Kwenye F na V ncha za meno ya juu zinapaswa kugusa mdomo wa chini pale unyevu unapokutana na ukavu. Zinagusa. Kisha kioo. Mwalimu akatazama, akafunga mdomo, akaufungua tena. Akaugusa ule mwanya kwa ncha ya ulimi. “Haya,” akasema. Daktari akangoja. “Haya ndiyo yangu.”

Hapo tu ndipo swali la vipandikizi linafunguliwa, na linafunguliwa kwa rula. Fundi anazungushia meno ya nta ukuta wa silikoni, unaganda, anayaondoa meno, na pengo linalobaki linaonyesha nafasi iliyopo kati ya ufizi na ncha ya jino. Vishikizo vifupi vya kubana vinahitaji karibu milimita 9. Ufito wa kuunganisha vipandikizi hutaka 12 au zaidi. Meno ya kudumu yanayofungwa kwa skrubu, yasiyovuliwa na mgonjwa, hutaka karibu 15. Aliyekurupuka akaweka vipandikizi kabla ya kupima hivi, hugundua kwamba hakuna nafasi ya akriliki kupita juu yake, na meno yatapasuka pale pale kila baada ya miezi michache. Kwa Mwalimu, mfupa ulivyoisha umeacha nafasi tele. Milango yote iko wazi, na kuchagua ndiko kugumu.

Sahani hizo za nta hunakiliwa kwa akriliki, zikatiwa vidoa vidogo vya mpira wa gutapacha vinavyoonekana kwenye picha ya CT. Mwalimu anapigwa picha akiwa amezivaa. Kisha sahani inapigwa peke yake. Programu ya kompyuta inavilinganisha vidoa na kuiweka sahani juu ya mfupa. Ghafla kinachoonekana kwenye skrini ni meno yanayoelea, ufizi katikati, na mfupa chini yake, kila kimoja mahali pake. Daktari anaanza kukata vipande, milimita kwa milimita, akitembea kutoka sikio hadi sikio. Kwanza anaitafuta neva ya taya la chini na kuichora kwa rangi: inapita ndani ya mfupa, inatokea kwenye kitundu upande wa kidevu, na kabla ya kutokea wakati mwingine huenda mbele kidogo halafu ikarudi. Ukiigusa, mdomo wa chini utakufa ganzi, pengine kwa maisha. Anajiwekea mpaka wa milimita mbili juu yake na tano mbele ya kitundu. Anatazama pia upande wa ulimi, ambako mfupa hubonyea ndani na mishipa ya damu inapita karibu. Mtobozi akitoka upande huo, damu huvujia chini ya ulimi na kuziba koo.

Kati ya kitundu cha kulia na cha kushoto, kwenye kidevu, ndiko mfupa ulikobaki mzuri. Huko ndiko kipandikizi kinapokaa salama, na si jambo geni. Mwaka 1952 huko Lund, Sweden, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kifaa chenye kasha la titaniamu, na alipotaka kukitoa akakuta mfupa umekishika haukiachii. Mwaka 1965 alimwekea Gösta Larsson vipandikizi vya taya la chini mjini Göteborg. Larsson alivitumia hadi alipofariki mwaka 2006. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walikubaliana kwamba kwa taya la chini lisilo na meno, chaguo la kuanzia linafaa kuwa sahani iliyoshikwa na vipandikizi viwili. Na Paulo Maló wa Lisbon alionyesha kwamba vinne, viwili vya nyuma vikiinamishwa, vinaweza kubeba safu nzima ya meno ya kudumu.

Vinne vya kudumu vinavutia. Matangazo yanavipenda, hasa yale ya meno kwa siku moja, ambayo hayataji wiki za nta zilizoitangulia siku hiyo. Mimi pia ningeshawishika. Lakini daktari akaligeukia lile jina lililopigiwa mstari. Meno ya kudumu yakipasuka au skrubu ikilegea, mgonjwa hawezi kuyavua mwenyewe. Anahitaji mwenye bisibisi ya aina ile ile na anayejua kuitumia. Yanahitaji kusafishwa chini kwa uzi na brashi ndogo, kila siku, na vidole vya Mwalimu vimeanza kukazika. Sahani inayovuliwa huoshwa kwenye beseni. Ikivunjika huungwa kwa akriliki ya kawaida. Kinachochoka mapema ni vifuko vya nailoni ndani yake, na hivyo hubadilishwa kwa dakika chache, kazi ambayo daktari wa meno yeyote mwenye kifaa chake kidogo anaweza kuifanya bila kuugusa mfupa. Juu abaki na sahani ya kawaida, kwa kuwa kaakaa lake linaishika vizuri. Chini, vipandikizi viwili.

Kisha akavipanga. Kwenye skrini kila kipandikizi ni mche wa rangi, upana karibu milimita nne, urefu kumi. Alianza mahali pa chonge, akavivuta mbele kidogo. Vikikaa nyuma mno, mtu akiuma kwa meno ya mbele sahani yote inainama mbele na kunyanyuka nyuma. Akavilinganisha visimame sambamba, kwa maana vishikizo vikipishana mwelekeo, nailoni italika upande mmoja. Juu ya ukingo mfupa ulikuwa mwembamba kupita kiasi, hivyo akachora mstari milimita mbili chini yake: utasawazishwa mpaka hapo upatikane upana, angalau milimita moja ya mfupa kila upande wa titaniamu. Akageuza picha, akayaonyesha meno ya nta tena, kuhakikisha kila mche unaishia ndani ya mwili wa sahani na si mahali ulimi unapopita. Mmoja ulichungulia upande wa ulimi. Akausogeza nusu milimita, akaanza kukagua vipande vyote upya tangu mwanzo, ingawa alikuwa amebadilisha kimoja tu.

Upasuaji wenyewe hauna mengi ya kusimulia, na hiyo ndiyo sifa yake. Kiongozi cha plastiki chenye matundu mawili ya chuma, kilichochapishwa kutokana na mpango, kinaishika drili isiende popote pasipopangwa. Drili inazunguka polepole, mara 800 hivi kwa dakika, ikimwagiwa maji ya dripu muda wote, kwa sababu mfupa ukifika nyuzi 47 kwa dakika moja tu huanza kufa. Drili nyembamba, nene, nene zaidi. Kipandikizi kinaingia kwa mkono na ufunguo wenye kipimo cha nguvu. Kofia. Mshono. Muda ambao fundi aliutumia kwenye magego ulikuwa mrefu kuliko huu.

Kwa miezi mitatu mfupa unaachwa ukishike chuma. Sahani ya chini ya zamani imekwanguliwa ndani na kutiwa bitana laini ili isivibonyeze vipandikizi, na Mwalimu amerudi Mpanda akiwa na karatasi ya nini ale na nini asile. Fundi anaimalizia sahani mpya kwa utaratibu wake wa siku zote: nta inachemshwa na kuondoka, akriliki inajazwa ndani ya ukungu wa plasta, inapikwa majini kwenye nyuzi 74 usiku mzima, inaachwa ipoe yenyewe. Anayeipoza kwa maji ya bomba hupata sahani iliyopinda asiyoiona mpaka siku ya kuivalisha.

Siku hiyo vishikizo vilifungwa juu ya vipandikizi, vifuko vikagundishwa ndani ya sahani vikiwa kinywani, na Mwalimu akaambiwa aibonyeze kwa vidole gumba. Ikaingia kwa mlio mfupi, kama vifungo vya kubana vya gauni. Katika aina hii ya vishikizo rangi ya nailoni huonyesha nguvu: ya bluu hushika kidogo, ya waridi zaidi, isiyo na rangi kuliko zote. Wengi wangeanza na iliyo kali zaidi, mgonjwa aone kazi. Daktari alianza na ya bluu, akamwambia aivue na kuivaa mara kumi mbele yake. Mara tatu za kwanza vidole viliteleza. Akamwonyesha pa kuingiza kucha, chini ya ubawa wa kulia, na kuanzia ya sita alikuwa haangalii kioo.

Aliondoka na bahasha. Ndani yake mna nakala ya picha ya CT, jina la kampuni iliyotengeneza vipandikizi, upana na urefu wa kila kimoja, kimo cha vishikizo, namba za vifaa, na vifuko vya nailoni vya akiba, bluu na waridi, kwenye mfuko mdogo wa zipu. Fundi alikuwa ameongeza karatasi yake, kwa mwandiko wa penseli: rangi ya meno, namba ya umbo, na upana wa mwanya.